Shajara ya mradi: programu ya kukokotoa kipimo cha Gini kutoka faili la kaya

Siku ya 1

Lengo la mradi ni programu fupi ya Python inayosoma faili la utafiti wa kaya na kutoa kipimo cha Gini, ikiandika kando ya namba hiyo kila uamuzi uliofanyika kabla ya kuipata. R (lugha ya programu ya takwimu) na Excel tunazitumia kama wakaguzi: kila hesabu lazima itoke sawa kwa njia mbili zisizotegemeana.

Kwa asiyeikumbuka nadharia: Mmarekani Max Lorenz alichora mkunjo wake mwaka 1905. Panga watu kuanzia maskini hadi tajiri, kisha onyesha asilimia fulani ya watu wa chini wanashika asilimia ngapi ya kipato chote. Mtaliano Corrado Gini akatoa kipimo chake mwaka 1912, nacho ni eneo lililo kati ya mkunjo huo na mstari wa usawa kamili, likigawanywa kwa eneo zima lililo chini ya mstari huo. Sifuri maana yake wote wanapata sawa. Moja maana yake kipato chote kiko kwa mtu mmoja kati ya wengi mno.

Kabla ya kugusa faili lolote tumechagua namba tano za majaribio: 2, 4, 6, 8, 30. Jumla ni 50. Kwa kanuni ya nafasi, zidisha kila kipato kwa namba ya nafasi yake baada ya kupanga: 2 + 8 + 18 + 32 + 150 = 210. Kisha 2 × 210 ÷ (5 × 50), toa 6/5. Jibu ni 1.68 − 1.2 = 0.48.

Tumeihakiki kwa njia ya jozi. Tofauti za jozi zote kumi zinafika 120, tunazidisha kwa 2 tunapata 240, kisha tunagawanya kwa 2 × 25 × 10, yaani 500. Inatoka 0.48. Namba hii ndiyo nanga yetu. Msimbo wowote usioifikia haupiti.

Njia ya jozi inavutia kwa sababu haihitaji kupanga, ila tumeiacha kwenye ukaguzi tu. Kwa watu 20,000 jedwali la tofauti lina seli milioni 400. Kila seli ikichukua baiti 8, zinahitajika GB 3.2 za kumbukumbu kwa jibu ambalo njia ya nafasi inalitoa papo hapo.

Siku ya 2

Kosa la kwanza, nalo ndilo la kawaida kuliko yote: kusahau kupanga. Tulipoingiza namba zilezile kwa mpangilio wa 30, 2, 8, 4, 6 jibu likawa −0.368. Hilo halina shida, maana alama ya kutoa inapiga kelele yenyewe. Hatari ni mpangilio unaokaribia kuwa sahihi. Kwa 2, 8, 4, 6, 30 jibu ni 0.432: namba inayoaminika kabisa, ila si ya kweli. Kwa hiyo kupanga kunafanyika ndani ya kitendakazi chenyewe, hakuachiwi mtumiaji.

Excel nayo imetufundisha jambo. Fomula yetu kwa namba zilizopangwa kwenye A2 hadi A6 ni hii:

`=2*SUMPRODUCT(ROW(A2:A6)-1,A2:A6)/(COUNT(A2:A6)*SUM(A2:A6))-(COUNT(A2:A6)+1)/COUNT(A2:A6)`

Inatoa 0.48 vizuri. Kisha tukageuza seli yenye 8 iwe maandishi, kama inavyotokea data inaponakiliwa kutoka kwenye hati nyingine. Kwa macho hakuna kilichobadilika isipokuwa 8 imesogea kushoto ndani ya seli. SUM na COUNT zikairuka kimyakimya, SUMPRODUCT ikaihesabu kama sifuri, na 30 ikabaki kwenye nafasi ya 5 ilhali COUNT inasema watu ni 4. Jibu: 0.869. Ukiondoa 8 kihalali, kipimo cha namba nne zinazobaki ni 0.512.

Kuna kinga rahisi. Kwa watu n, Gini ya vipato visivyo hasi haiwezi kuzidi (n − 1)/n. Kwa watu wanne kikomo ni 0.75, kwa hiyo 0.869 haiwezekani. Ukaguzi huo tumeuweka kwenye programu, na pia programu inakataa kuendelea ikikuta safu ya kipato si ya namba. Jingine la jamii hiyo ni alama za maelfu: "1.250" iliyoandikwa kumaanisha elfu moja mia mbili hamsini inasomwa kama moja na robo. Faili lenye mchanganyiko wa mitindo miwili halirekebishiki kwa kubahatisha, linarudishwa lilikotoka.

Siku ya 4

R imeleta ubishi wa nusu siku. Pakiti ya `ineq` inatoa 0.48 kwa namba zetu tano. Pakiti ya `DescTools`, kwa namba hizohizo, inatoa 0.60. Zote mbili ziko sahihi. Ya pili, usipoiambia vinginevyo, huzidisha kwa n/(n − 1) ili kurekebisha udogo wa sampuli, na 0.48 × 5/4 ni 0.60 kamili. Ukiandika `unbiased = FALSE` zinakubaliana. Kwenye `ineq` marekebisho hayo yanawashwa kwa `corr = TRUE`.

Kwa sampuli ya mistari 8,000 marekebisho haya yanazidisha jibu kwa 1.000125 tu, hakuna anayeyaona. Yanauma kwenye vikundi vidogo, mfano ukikokotoa Gini ya kila wilaya na baadhi zina kaya 12. Tumeamua kutorekebisha, na kuandika hivyo kwenye matokeo.

Pakiti ya `laeken` nayo inatoa jibu kwa kipimo cha 0 hadi 100, kama Benki ya Dunia inavyochapisha. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, huchapisha kwa 0 hadi 1. Tunafuata 0 hadi 1.

Siku ya 5 na 6: uzito

Utafiti wa kaya hauchukui kila kaya kwa nafasi sawa, kwa hiyo kila mstari una uzito unaoonyesha unawakilisha kaya ngapi. Kanuni ya nafasi ya siku ya kwanza haitoshi tena. Tumehamia kwenye trapeza chini ya mkunjo wa Lorenz:

```
def gini(x, w):
    panga = np.argsort(x)
    x, w = x[panga], w[panga]
    p = w / w.sum()
    L = np.cumsum(w * x) / np.sum(w * x)
    L0 = np.concatenate(([0.0], L[:-1]))
    return 1 - np.sum(p * (L + L0))
```

Jaribio: namba zilezile tano zikipewa uzito wa 3, 2, 2, 2, 1. Njia ya mkono ni kuzirudia, yaani 2, 2, 2, 4, 4, 6, 6, 8, 8, 30, kisha kutumia kanuni ya nafasi kwa watu kumi. Jumla ni 72, jumla ya nafasi mara kipato ni 562, na Gini ni 1124/720 − 1.1 = 0.461111. Kitendakazi kinatoa 0.461111. Hii ni nanga ya pili.

Mistari miwili ya msimbo huo inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Mstari wa tatu unapanga `x` na `w` kwa pamoja. Toleo letu la kwanza lilipanga `x` peke yake. Faili likiwa na mpangilio wa 30, 2, 8, 4, 6 na uzito wa 1, 3, 2, 2, 2, uzito wa tajiri ulikwenda kwa maskini na jibu likawa 0.457 badala ya 0.461. Tofauti ni elfu nne tu kati ya milioni moja. Hakuna jicho lingeikamata bila nanga, na kwenye faili halisi pengo linaweza kuwa kubwa zaidi au dogo zaidi, hutajua.

Mstari wa `L0` unaweka sifuri mwanzoni mwa mkunjo. Wengi hupitisha jumla limbikizi moja kwa moja kwenye kitendakazi cha trapeza cha NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) bila kuongeza nukta ya (0, 0), na trapeza ya kwanza inapotea. Kwa namba zetu tano zisizo na uzito, jibu linapanda kutoka 0.480 hadi 0.488. Kadiri mistari inavyoongezeka kosa linapungua, ndiyo maana watu huishi nalo miaka bila kulijua, hadi siku wanapotumia data ya makundi matano. Anayetumia kitendakazi hicho akumbuke pia kwamba tangu NumPy 2.0 jina lake ni `trapezoid`, badala ya `trapz` la zamani.

Kitu kingine kilichotupata kimya kimya: safu ya kipato ilisomwa kama namba nzima za biti 32. Kikomo chake ni 2,147,483,647. Nafasi ya 12,000 ikizidishwa kwa kipato cha 450,000 ni bilioni 5.4, na NumPy haitoi onyo kwenye safu, inazungusha tu namba hadi nyingine ya uongo, wakati mwingine hasi. Tiba ni `astype(float)` mara tu baada ya kusoma faili.

Siku ya 8: ni nani anayehesabiwa?

Leo hatukuandika msimbo karibu wowote, na ndiyo siku iliyobadilisha jibu kuliko zote. Chukua kaya mbili. Ya kwanza ina watu 6 na kipato cha 60. Ya pili ina mtu 1 na kipato cha 40. Gini yake ni ngapi?

Ukihesabu kaya kwa kipato chake chote, ni 0.100, na kaya ya watu sita ndiyo "tajiri". Ukigawa kwa idadi ya watu (10 na 40) lakini ukaendelea kuhesabu kaya, ni 0.300. Ukigawa kwa idadi ya watu na kuhesabu kila mtu, ni 0.257. Ukigawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, kwa hoja kwamba watu wanaoishi pamoja wanashirikiana paa, jiko na taa, kila mtu wa kaya ya kwanza anapewa 24.49, na Gini kwa watu ni 0.071.

Majibu manne kwa kaya mbili, na hakuna hata moja lenye kosa la hesabu. Anayelinganisha 0.257 ya mwaka mmoja na 0.071 ya mwaka mwingine atatangaza kuwa usawa umeongezeka ilhali hakuna senti iliyohama.

Uamuzi wetu: kipato kilichosawazishwa kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa kaya ndicho jibu kuu, na kipato kwa kila mtu kinachapishwa kando yake. OECD hutumia kipeuo hicho katika takwimu zake za mgawanyo wa kipato. Pia tumeweka chaguo la tatu linalotumika Ulaya: mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine wa miaka 14 na kuendelea 0.5, kila mtoto chini ya hapo 0.3. Wazazi wawili na watoto wawili wadogo wanakuwa 2.1, wakati kwa kipeuo wanakuwa 2 na kwa kichwa wanakuwa 4. Vyovyote itakavyokuwa, uzito unaotumika ni uzito wa kaya mara idadi ya watu wake. Kusahau kuzidisha huko ndiko kulikozaa ile 0.300.

Siku ya 9

Sifuri, hasi, na namba za uongo.

Anza na za uongo. Mafaili mengi huweka 9999 au 99999 mahali ambapo mhojiwa hakujibu. Tuliongeza 9999 moja kwenye namba zetu tano: Gini ikaruka hadi 0.830, na kikomo kwa watu sita ni 0.833. Programu sasa inaorodhesha vipato vikubwa kumi pamoja na idadi ya mara vilivyojirudia. Kipato kikubwa kuliko vyote kikijirudia mara 214, hicho si kipato.

Nafasi tupu: NumPy huzipeleka mwishoni wakati wa kupanga, na moja tu inatosha kugeuza jibu zima kuwa `nan` (si namba). Hilo ni jema, kwa sababu linakulazimisha uamue. `ineq` huziondoa bila kuuliza.

Sifuri zina kanuni nzuri ambayo kila mwenye kazi hii aiweke kichwani. Kama sehemu z ya watu haina kipato kabisa, Gini ya wote ni z + (1 − z) × Gini ya wenye kipato. Asilimia 10 wakiwa na sifuri na wengine wakiwa na 0.40, jibu ni 0.10 + 0.36 = 0.46. Kwa hiyo kuziondoa sifuri si usafi wa data, ni kupunguza Gini kwa 0.06. Kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, amri ya `ineqdeco` ya Stephen Jenkins huacha nje sifuri na hasi kwa sababu baadhi ya vipimo vyake vinatumia logi, na dada yake `ineqdec0` huziingiza. Aliyetumia ya kwanza na aliyetumia ya pili hawatakubaliana, na mara nyingi hawajui kwa nini.

Hasi ni ngumu zaidi. Mkulima au mfanyabiashara aliyepata hasara ana kipato cha chini ya sifuri. Kwa −10, 2, 4, 6, 8 kanuni inatoa 1.6, yaani zaidi ya moja, maana wastani uliopungua ndio unaogawanya. Ukigeuza −10 kuwa sifuri, ni 0.40. Ukimwondoa mtu huyo, ni 0.25. Tunageuza kuwa sifuri, kwa sababu kumwondoa mtu aliyepata hasara ni kumfuta maskini au tajiri bila kujua ni yupi, na tunaandika idadi ya waliogeuzwa pamoja na jibu lisilogeuzwa. Ule ukaguzi wa kikomo wa siku ya 2 unasimamishwa kwa jibu hilo la pili.

Siku ya 11

Ombi limekuja la kupokea pia majedwali yenye makundi matano tu ya watu, kila moja na sehemu yake ya kipato, kwa pale ambapo data ghafi haipatikani. Kwa sehemu za asilimia 4, 9, 14, 23 na 50, trapeza zinatoa 0.424.

Lakini trapeza zinachukulia kwamba ndani ya kila kundi wote wanapata sawa. Jibu hilo ni sakafu, Gini ya kweli iko juu yake. Tulitaka kujua kwa kiasi gani, tukatumia mgawanyo ambao jibu lake linajulikana kwa nadharia: mgawanyo wa eksponensia, wenye Gini ya 0.5 kamili. Ukiukata makundi matano unapata 0.469. Ukiukata makundi kumi unapata 0.491. Kwa hiyo nchi iliyochapisha makundi matano haipaswi kuwekwa kwenye jedwali moja na iliyochapisha kumi bila kusema. Programu sasa inaandika "angalau" mbele ya jibu la makundi.

Migawanyo mingine tuliyoingiza kwenye majaribio: namba zilizotawanyika sawasawa kuanzia sifuri (theluthi moja) na Pareto yenye alfa 2 (1/(2 × 2 − 1), theluthi moja tena). Ya pili inachosha. Mkia wake ni mrefu kiasi kwamba sampuli ya 1,000 inayumba sana kati ya jaribio na jaribio, na kwa kawaida huanguka chini ya jibu la kweli. Ni picha halisi ya utafiti wa kaya unaowakosa matajiri wachache wa juu kabisa.

Siku ya 13: upana wa mashaka

Namba peke yake bila upana wake haitoshi kusema kitu kimepanda au kimeshuka. Tunatumia kuchota upya: chukua sampuli kutoka kwenye sampuli, ukirudisha kila ulichochota, kokotoa Gini, rudia mara 1,000, panga majibu, chukua la 25 na la 975.

Kinachochotwa ni eneo la kuhesabia, si kaya. Kaya za eneo moja zinafanana, zina bei zilezile, mvua ileile, ajira zilezile. Ukichota kaya mojamoja kana kwamba zilitawanyika, upana unatoka mwembamba kuliko ukweli na utadai mabadiliko yasiyokuwepo. Tunachota maeneo ndani ya kila tabaka la utafiti (kundi ambalo sampuli yake ilichaguliwa peke yake), idadi ileile iliyokuwepo, na kaya zote za eneo lililochotwa zinaingia na uzito wake.

Kwenye faili la majaribio tabaka mbili zilikuwa na eneo moja tu kila moja. Ukichota moja kutoka kwenye moja unapata lilelile kila mara, na tabaka hilo linaonekana halina mashaka kabisa. Tumeziunganisha na tabaka jirani na kuandika hivyo. Anayetumia R ana njia iliyo tayari, `svygini` ya pakiti ya `convey`, inayosoma muundo wa utafiti moja kwa moja. Tunaitumia kukagua upana wetu.

Siku ya 14

Mtu wa timu ameomba Gini igawanywe kati ya mjini na vijijini, "sehemu ngapi inatoka wapi". Tumekataa kuliweka. Gini haigawanyiki vizuri pale ambapo vipato vya makundi vinaingiliana, linabaki fungu la tatu lisilo la ndani wala la kati ya makundi. Kwa swali hilo tumeongeza kipimo cha Theil, kipimo kingine cha tofauti za kipato ambacho hugawanyika vizuri kati ya makundi, kwenye safu yake, na hapo sifuri zinatendewa kwa namna yake.

Mstari wa matokeo sasa unatoka hivi kwa faili la nanga: Gini 0.461111, kipimo 0 hadi 1, kizio mtu, usawazishaji hakuna, uzito ndiyo, mistari 5, sifuri 0, hasi 0, tupu 0, marekebisho ya n hakuna, chanzo data ghafi. Mtumiaji hawezi kuzima maelezo hayo na kubakiza namba. Kilichobaki ni kuendesha nanga zote upya kwenye mashine yenye toleo jipya la NumPy, na kuandika ujumbe wa kosa wa tabaka lenye eneo moja kwa maneno ambayo karani wa data ataelewa bila kupiga simu.